Ushahidi wa Mama

Alhamisi, 12 Juni 2025
Samansi ya mahakama imefika. Mtendaji wa kijiji kaniletea shuleni, mbele ya walimu wenzangu. Nimeisomea chooni. Scolastica anadai talaka. Sababu: ukatili. Ukatili! Baraza la kata lilishindwa kutupatanisha, lakini nilidhani hasira zitapoa, atarudi. Tangu wakati wa palizi yuko kwao Gendabi na binti yetu Judith.

Jumapili, 15 Juni
Sikwenda kanisani. Nimemwomba mama awe shahidi wangu. Nataka nipewe mtoto, na mama atamlea, maana tunakaa naye hapa hapa uani. Hakukataa. Hakukubali pia. Aliendelea kupepeta maharage.

Jumatano, 25 Juni
Sijui nianzie wapi.
Mahakamani Scolastica alieleza yake, taratibu, bila kulia. Mimi nikasema nilimsukuma tu kwa sababu alinijibu vibaya. Wakati nasema, nilijisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokaa vibaya.
Akaitwa mama. Nilimpeleka mimi, kwa pikipiki, nimemfunika shuka asipigwe na baridi. Hakimu akamuuliza kama yuko tayari kumlea mjukuu wake.
"Mjukuu nampenda," mama alisema. "Lakini huyu mwanangu anapiga. Mke wake alikimbilia kwangu mdomo umepasuka, mtoto kashika sketi yake. Mtoto abaki na mama yake."
Kwenye benchi la nyuma alikaa mzazi wa mwanafunzi wangu. Akatazama chini — aibu yangu aliibeba yeye!
Tulirudi nyumbani Endasak. Kwenye mteremko mama alinishika kiuno kwa nguvu, kama siku zote.

Alhamisi, 26 Juni
Mama kaniletea uji. Sikumwamkia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwanza mimi, huku nyumbani. Akasema aliniambia, nikamjibu kwamba wanawake wanateteana.
Ni kweli. Nilimjibu hivyo.

Ijumaa, 11 Julai
Hukumu. Ukatili umethibitika, ndoa imevunjwa. Hakimu alishaongea na Judith faraghani. Mtoto alisema nini, sikuthubutu kuuliza. Atakaa na mama yake. Mimi nitamtembelea siku za Jumamosi, huko huko kwao, watu wakiwepo.
Watu wakiwepo. Mimi, mwalimu.

Jumamosi, 19 Julai
Gendabi. Nimekuja na sweta. Bibi yake, mama mkwe wangu wa zamani, kaitikia shikamoo yangu vizuri, kanipa kigoda. Judith kaniamkia kwa mbali, kama anavyoamkia wageni. Lakini sweta limemkaa. Akacheka kidogo! Akasogea kunionyesha pengo la jino.
Kuku akaingia ndani. Nikainua mkono nimfukuze.
Judith akachuchumaa, mikono yote miwili kichwani. Hakupiga kelele. Haraka tu, kama mtu aliyezoea.
Yeye sijawahi kumpiga. Sijawahi.
Scolastica alikuwa mlangoni. Akamtoa kuku.
Nimetoka nje, nimesingizia simu. Naandika humu kwenye simu, nimeegemea pikipiki. Muda wangu wa kukaa naye haujaisha. Huko ndani namsikia Judith anamuuliza mama yake kama baba ameondoka.
Sijui anataka aambiwe ndiyo au hapana.