Pakiti ya Mama Shamimu

Jumatatu, 4 Machi 2013
Mvua. Barabara ya Tunduma imekatika, gari la dawa halijafika. Kabatini imebaki pakiti moja ya mseto, dawa ya malaria, ya mtu mzima. Vidonge ishirini na vinne. Nikiikata inatibu watoto wadogo wanne. Nilijiapiza siigusi.

Mchana akaja Mama Shamimu, mwenye duka la vitenge. Kichwa, viungo, homa. Nikamtoboa kidole — mstari mmoja, hana malaria. Akasema malaria yake anaijua mwenyewe, kipimo changu kimechoka. Tabibu gani anamrudisha mtu nyumbani na panado! Benchi zima likanitazama. Nikampa pakiti. Kwenye rejista nikaandika "malaria", tena kwa mwandiko mzuri. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 6 Machi
Watatu hawana malaria, wote wanataka mseto. Leo nimewakatalia bila kupepesa. Ujasiri wa kabati tupu!

Ijumaa, 8 Machi
Kabula, mke wa Mhoja mfugaji, ametembea tangu alfajiri kutoka bondeni. Mgongoni Shani, miaka miwili, anawaka moto. Mistari miwili, hata dakika tano hazikufika. Bado ananyonya, hana degedege. Mseto ungemtosha kabisa. Na mseto uko kwenye duka la vitenge! Nikamwambia bohari ya dawa hawajaleta. Akasema haya, akakaa chini kusubiri. Sijui alikuwa anasubiri nini.

Nikaenda mbio kwa Mama Shamimu. Bahati — aliacha kumeza alipopata nafuu, vimebaki kumi na sita. Nilitakiwa kusema maneno machache tu: mama, hukuwa na malaria, nilijua, nisamehe. Lakini mumewe, Yahaya, amekaa pale, na wateja wawili. Mdomo ukajisemea wenyewe: pakiti ile ina kasoro, tunazikusanya. Mama Shamimu akashika tumbo. Halafu akanirudishia vidonge, akanishukuru! Nilitamani ardhi ipasuke.

Shani amemeza kimoja mbele yangu. Vitano nimemfungia Kabula kwenye karatasi, cha pili ampe baada ya masaa manane. Analala kwa dada yake hapa hapa senta. Ameniombea baraka. Nikaitikia amina, sina haya.

Jumamosi, 9 Machi
Kabula amefika kabla sijafungua. Mtoto moto zaidi, ziwa hataki. Nikauliza vidonge. Akafungua pindo la kanga: vitano vyote, havijaguswa.

Jana jioni Mama Shamimu alipita kwa dada wa Kabula. Akawaonya kwamba daktari anakusanya vidonge vibovu, wasimpe mtoto kitu bila kuuliza. Alitembea kwenye matope, mama wa watu, kwa huruma tu.

Na yeye huyo hapo mlangoni na Yahaya, anataka nimpime tumbo. Benchi limejaa.

"Daktari," Kabula akasema, "hivi si ndivyo vile vya Mama Shamimu?"

Mama Shamimu naye ananitazama, anangoja jibu.

Nimesema subirini, nanawa mikono. Niko chumba cha sindano, nimejifungia, nimeshika kalamu. Jibu ni yale maneno machache. Nimeyaandika hapo juu jana, nayajua kwa moyo. Shani alikuwa analia. Sasa simsikii.

Kabula anabisha hodi. Kwa adabu kabisa.