Hisa kwa Ngamia wa Kitovu

Dadaab, 3 Februari 2025

Mpwa wangu Ilhan,

Assalamu alaykum. Natumai mama yako mzima na joto la Garissa halijawayeyusha. Huku tu wazima, ila mbuzi mmoja anakohoa, naye najua anaigiza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe hunyamaza mpaka nadhani imekatika. Binamu yako Awil, aliye Nairobi, anasema ngamia ni mali ya kizamani. Anataka niuze mmoja, kisha yeye aninunulie hisa za kampuni ya ng'ambo kwa simu. Kampuni ziko mbili: moja hutengeneza michezo ya kompyuta, nyingine huonyesha filamu kwa malipo ya kila mwezi. Wewe umemaliza shule na ulisoma biashara. Nipimie ipi inanenepa.

Ngamia mwenyewe ni yule jike mweupe niliyekupa siku ulipokatwa kitovu. Sasa ana maziwa. Ni wako, kwa hiyo mimi mjomba wako nangoja neno lako.

Abti yako,
Diriye

Galbet, Garissa, 12 Februari

Abti mpendwa,

Wa alaykum salaam. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mpe mbuzi pole.

Nimefanya utafiti. Nilisimama nje ya kibanda cha Sakariye, ambako vijana hulipa kucheza michezo, mpaka akaniuliza kama nimepoteza mtoto. Niliona haya kusema nachunguza biashara, nikajibu ndiyo. Wote waliacha michezo wakaanza kumtafuta. Sijapita hapo tena.

Nilichojifunza ni hiki. Kampuni ya michezo huuza mchezo, kisha humuuzia mchezaji nguo za mtu aliye ndani ya mchezo. Kampuni ya filamu ni kama desturi yetu ya kumwazima jamaa ngamia wa maziwa: unakunywa, lakini ngamia si wako. Tofauti ni kwamba unalipa hata mwezi usiokunywa. Mapato yake yanatabirika zaidi. Lakini hapa mtaani karibu kila nyumba hutazama kwa akaunti moja, ya Khadijo muuza madera, kwa hiyo sina uhakika.

Fanya utakavyoona, Abti.

Mpwa wako,
Ilhan

Dadaab, 24 Februari

Mpwa wangu Ilhan,

Salaam nyingi. Mbuzi alipona alipoona majani.

Barua yako niliisoma mbele ya wazee, ikaleta ugomvi. Mzee Sugow anauliza kama huyo mtu wa ndani ya mchezo husikia baridi. Kama hasikii, nguo za nini? Nikamkumbusha kwamba yeye ana makoti matatu, katika joto hili la Dadaab. Hatujasemezana tangu hapo.

Kuhusu filamu, wote wamekubali kwamba kulipisha watu maziwa wasiyokunywa ni biashara nzuri mno. Wasiwasi wao ni Khadijo. Mtaa mzima ukinywa kwa kibuyu chake, kampuni itakonda.

Lakini sikuuliza Garissa nzima. Umenipimia kila mtu isipokuwa ngamia wako. Eti nifanye nitakavyoona. Macho yangu mabovu, ndiyo maana niliuliza. Mnunuzi anakuja baada ya Idi. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Abti yako,
Diriye

Galbet, 29 Machi

Abti mpendwa,

Salaam. Natumai funga imekuwa nyepesi. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Leo nilimwendea Sakariye, nikamwambia hakuna mtoto aliyepotea. Alicheka mpaka akaketi chini. Sikufa. Kwa hiyo nakwambia na wewe: usiuze.

Nimempima ngamia wangu. Mchezo huchosha vijana, wakahamia mwingine. Filamu huisha. Maziwa watu huyataka kila asubuhi. Mlete Garissa. Nitauza maziwa kwa malipo ya mwezi, mlangoni, na kila nyumba itakuwa na chupa yake. Hata Khadijo hawezi kuwagawia majirani chupa moja. Nimeshauliza nyumba za jirani. Niliuliza mwenyewe, kwa sauti.

Mpwa wako,
Ilhan

Dadaab, 9 Aprili

Mpwa wangu Ilhan,

Idi njema, ingawa imepita. Afya nzuri, na Sugow amevua koti moja tukapatana.

Mnunuzi alikuja akaondoka na mbuzi mwigizaji. Ngamia wako na ndama wake wamo ndani ya lori linaloleta barua hii. Dereva anaogopa ngamia atamtemea mate kila kizuizi cha polisi, kwa hiyo umlipe dereva kwa maneno matamu.

Nimemweleza Awil mpango wako. Akauliza kama unauza hisa. Nikamwambia amwandikie mwenye ngamia.

Abti yako,
Diriye