Spika za Baba na Harusi ya Otmari

Alhamisi, saa nne asubuhi.

Ukungu umeikalia Mbinga tangu alfajiri na hadi sasa sijauona mlima ulio mbele ya dirisha langu. Baridi inauma vidole. Nimevaa makoti mawili, mikono inanuka gundi ya mbao, na moyoni nina furaha ambayo padre wangu asingeipenda.

Keshokutwa namlipizia Otmari kisasi.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama. Siifuti. Kwenye ukurasa huu nimewasema madiwani, wanunuzi wa kahawa, walimu wenzangu wa zamani na mwenyekiti wa mtaa wangu, na sijawahi kuficha ninachokitaka. Sitaanza leo.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: Otmari ni mtoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo kwa mila zetu ni mdogo wangu kabisa, kama tumenyonya titi moja. Ana lori linalobeba makaa ya mawe kutoka Ngaka, ana nyumba ya vigae, na Jumamosi anamuaga binti yake Skola anayeolewa Songea. Mimi ndiye shangazi mkubwa wa bibi harusi. Kwenye sendofu shangazi lazima apewe kipaza sauti, na akishakishika hakuna wa kumnyang'anya, hata baba mwenye sherehe. Kamati imenipa dakika kumi.

Dakika kumi zinatosha kumvua mtu nguo mbele ya ukumbi mzima.

Kosa lake ni hili. Baba yangu alikuwa na spika mbili, makasha ya kufika kiunoni, alizozinunua kwa mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, miaka ile ambayo kahawa ilimfanya mkulima atembee kifua mbele. Nje zilivikwa ngozi ya mbao: ubao mwembamba kama karatasi ngumu, wenye mistari ya kahawia, uliobandikwa juu ya chipbodi, yaani ubao wa vumbi la msumeno lililoshindiliwa. Mafundi wanauita venia. Kila Jumapili kabla ya misa baba alizifuta kwa kitambaa kikavu. Sisi watoto hatukufutwa pua kwa bidii ile.

Otmari alipooa, alichukua mke Mbamba Bay, akamwomba baba spika za harusi. Baba akampa. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza, na spika zikateremka milima yote ile hadi ziwani juu ya lori lililo wazi. Mimi nilikuwa nafundisha Songea. Niliporudi Krismasi nilikuta moja imevimba ubavuni, ngozi imenyanyuka kama mtu aliyeungua maji ya moto, na juu yake imetandikwa kitambaa cha meza. Nikamuuliza baba. Akasema, "Zilikwenda harusini kwa Otmari." Akakivuta kitambaa kikae sawa. Hakupiga muziki tena. Alikufa miaka sita baadaye akisikiliza redio ndogo ya betri, spika zake zimesimama nyuma yake kama wageni walionuniwa.

Siku ya kuanua matanga nilisimama mbele ya ukoo nikasema Otmari ndiye aliyemnyima baba yangu furaha ya uzee wake. Otmari akajibu kwamba spika zilifika mkononi mwake zikiwa zimeshavimba. Maana yake mzee aliziharibu mwenyewe, kisha akamwacha mwingine asemwe. Kumsemea marehemu maneno hayo, udongo wa kaburi bado mbichi! Nilimwambia atoke uani kwetu. Akatoka.

Tangu siku hiyo hatujala sahani moja. Mke wake, Winfrida, hunitumia usipa, dagaa wa ziwani, kila mwaka kupitia kwa kondakta wa basi. Nawala. Sijawahi kusema asante. Humu pia nimeandika mara nne kuhusu "ndugu mmoja mwenye lori", na mji huu si mkubwa, kila mtu alijua lori lipi.

Kwa hiyo mwezi huu mzima nimekuwa fundi. Nimezifufua.

Mjue kwamba si kazi ya mtu mwenye haraka. Ngozi ya zamani unaipitishia pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi mpaka gundi yake ilegee, kisha unaingiza kisu cha kupakia rangi chini yake na kuinyanyua polepole. Ukivuta kwa hasira inachanika na kuondoka na nyama ya chipbodi. Nimechana mara mbili. Halafu msasa, halafu kuziba mashimo, halafu msasa tena mpaka kiganja kisikwame popote. Ngozi mpya ni ya mninga, imekuja kwa basi kutoka Songea ikiwa imeviringishwa kama mkeka. Unapaka gundi kwenye ngozi na kwenye kasha, unaacha pande zote mbili zikauke, unazikutanisha, unapiga pasi. Joto linaziamsha gundi zote mbili, zinashikana. Mara ya kwanza nilipoona inashika, niliketi sakafuni nikacheka peke yangu.

Gaudensi, fundi seremala wa jirani, alinionyesha mara moja tu kisha akaniachia. Alisema mwanamke aliyefundisha hesabu miaka ishirini hashindwi kupima ubao. Akanitazama ninavyosugua, akauliza, "Mwalimu, hii ni spika au ni mtu unamsugua hivyo?"

Nikaendelea kusugua.

Watu wa mji huu wananicheka. Wao wananunua spika za plastiki zenye taa zinazowaka kama gari la wagonjwa, zinazopiga kelele miezi minane kisha zinakohoa na kufa. Na wacheke. Jumamosi spika za baba zitasimama mbele ya ukumbi, nyekundu ya mninga, zinang'aa, na sauti yangu itatoka ndani yake. Nitaanza na sifa za bibi harusi. Nitamsifu mama yake. Kisha nitauliza, kwa upole kabisa, nani anakumbuka spika hizi zilikwenda harusi ya nani, na zilirudi katika hali gani. Nitakuwa na picha. Spika ya kwanza imekwisha, ya pili umebaki ubavu mmoja, ule uliovimba. Nimeuacha makusudi uwe wa mwisho, kama mtu anavyoacha kipande cha nyama pembeni mwa sahani. Nataka kuupiga picha vizuri kabla ya kuubandua.

Nakwenda kuupiga picha sasa.

Saa kumi jioni.

Ukungu uliondoka. Ingekuwa heri ungebaki.

Nilipiga picha. Kisha nikaweka pasi, nikaingiza kisu, na ngozi ikatoka kirahisi kuliko zote, kwa sababu ilikuwa imeshaachia siku nyingi. Chini yake, kwenye gundi ya zamani, kulikuwa na vitu vyepesi vya rangi ya majani makavu vimenasa. Nilidhani ni mabawa ya mchwa. Nikachukua miwani.

Ni maganda ya kahawa. Yale maganda membamba ya ndani, yanayobaki kwenye punje ukishaimenya na kuiosha. Kila mtoto wa Mbinga anayajua, tumelala nayo kwenye nywele.

Nikageuza ile ngozi niliyoibandua, nikaipeleka dirishani. Kwenye vanishi yake kuna alama za mraba mraba, ndogo, zimejipanga. Ni nyuzi za gunia la katani. Gunia lilikaa limeegemea hapo kwa wiki nyingi, na unyevu wake ulilegeza gundi mpaka maganda yakaingia chini ya ngozi.

Nilikwenda kumwita Gaudensi. Sikumwambia kitu, nilimwonyesha tu kasha. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye uvimbe kuanzia chini hadi ulipokoma, kimo cha gunia lililosimama.

"Nani alikuambia hii ni mvua?" akauliza.

"Ilinyeshewa kwenye lori."

"Juu huku pazima kabisa, Mwalimu. Uvimbe umeanzia chini. Siku hizi mvua inanyesha kwenda juu?"

Akaondoka anacheka. Sikumchukia. Nilifundisha watoto wa watu kupanga hoja, na mimi sikuwahi kujiuliza mvua ya lori ilichaguaje spika moja na kuiacha ile nyingine iliyokaa karibu nayo.

Novemba, wakati wa harusi, hakuna kahawa ndani ya nyumba. Imeshauzwa. Magunia hukaa ndani kuanzia Julai. Kwa hiyo spika ilivimba kabla ya harusi, sebuleni kwetu, mikononi mwa baba.

Naweza hata kuuona mwaka ule. Wezi walikuwa wanakomba kahawa kwenye vichanja vya kuanikia, hata Songea nilisikia habari zao. Baba atakuwa ameiondoa kichanjani kabla haijakauka vizuri, akaijaza kwenye magunia, akayapanga sebuleni yakiegemea spika yake aipendayo. Kahawa ya namna hiyo inatoka jasho. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama kwenye mikutano ya ushirika kuwakaripia wenzake: anayefunga kahawa mbichi kwenye gunia ni mvivu au ni mwoga. Nimesikia hotuba hiyo tangu sijaota meno ya pili.

Angesemaje, mtu yule, kwamba kahawa yake mwenyewe ilitoka jasho na kuiozesha spika yake?

Hakusema. Alisema zilikwenda harusini kwa Otmari. Na ni kweli zilikwenda. Baba hakudanganya hata neno moja, na uongo wote nikaujenga mimi.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana nje ya hapa sijui kama nitaweza. Kitu cha kwanza nilichofanya si kutubu. Niliwasha pasi tena. Ngozi ya mninga ilikuwa tayari imekatwa, gundi ipo. Dakika ishirini, ubavu ungefunikwa, maganda yangelala chini yake milele, na picha niliyoipiga asubuhi ingeonyesha uvimbe tu. Gaudensi si mtu wa maneno. Nilikaa na pasi mkononi mpaka ikaanza kunuka.

Kisha nikaichomoa, nikampigia Otmari. Sijawahi kumpigia tangu msiba, namba nimeichukua kwenye kadi ya mwaliko.

"Dada. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeifungua ile spika."

Nyuma yake nilisikia watu wanavuta maturubai na mtu anaomba kamba. Hakuuliza spika gani.

"Kuna maganda ya kahawa ndani," nikasema.

"Mengi?"

"Ya kutosha."

Akavuta pumzi. "Siku nilipokwenda kuzichukua, baba mkubwa alikuwa amefunga blanketi upande ule. Akaniambia, mwanangu, hii iegemeze ukutani hivi hivi, usiigeuze. Nikaiegemeza. Watu wa Mbamba Bay walicheza mpaka vumbi likapanda darini, hakuna aliyeona kitu. Nikazirudisha na blanketi lake."

"Kwa nini hukusema yote hayo siku ile ya matanga?"

"Nilianza. Ulinikatiza."

Nikayatazama yale maganda kwenye gundi.

"Kesho nitakuja kwako nikuombe radhi," nikasema.

"Kwangu usije, dada. Mimi sikutukanwa kwangu." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Mwenyekiti wa kamati alitaka kupunguza dakika zako, alijua unakuja na nini. Mji mzima unajua. Nilimkataza. Dakika zako kumi zipo pale pale."

Akakata. Alikuwa na maturubai ya kufunga.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Baba amelala makaburini hawezi kujibu, na akiwa hai hakujibu pia. Otmari ana haki, na hakuna kitu kinachochosha kama kumkasirikia mtu mwenye haki. Rafu yangu imejaa vitabu vya watu wakubwa walioshindwa kutamka neno "nilikosea" hadi nchi zao zikaungua. Nimevipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Nimewacheka.

Ubavu ule sitaubandika kabla ya Jumamosi. Spika itakwenda ukumbini hivyo hivyo, pande tatu mninga, upande mmoja kidonda. Ukifunikwa leo, kesho asubuhi nitaanza kusema sina hakika niliona nini. Najijua.

Nimekaa kuandika neno la shangazi. La kwanza lilikuwa na kurasa mbili, linaeleza jinsi mtu yeyote angeweza kukosea kama mimi. La pili lilimlaumu Otmari kwa kukubali kutoka uani siku ile badala ya kubishana na dada yake. La tatu lilikuwa zuri mno, watu wangelia, na mwisho wangenipigia makofi mimi. Hata radhi nataka kuiomba kwa ushindi.

Yote matatu nimeyachana.

La nne ni sentensi moja: Otmari alisema kweli msibani, na mimi nikamfukuza kwa uongo.

Nimeisoma kwa sauti, nimesimama hapa jikoni. Imechukua sekunde tano, na dakika zilizobaki sijui nitazijaza na nini. Labda nitasimama tu na kipaza sauti mkononi, nisubiri anijibu, na safari hii nisimkatize.