Mgongo wa Mwezi

Masika,

Binti yako ameenda bombani kuchota maji. Foleni ya Jumapili ni ndefu, kwa hiyo nina kama saa moja. Nataka kumaliza kabla hajarudi, kwa sababu jana aliniuliza swali na nikamdanganya.

Ulipokuwa hai sikukuandikia hata mstari mmoja. Wewe ulikuwa Mabalako na kakao yenu, mimi hapa Butembo na chaki yangu, na pikipiki zilikuwa zinapita kila siku. Sikupanda. Waasi walikuua shambani, mchana kweupe, kisu cha kuvunia kikiwa bado mkononi mwako, na leo ndiyo napata maneno. Usinishukuru.

Unakumbuka somo lile la darasa la sita. Mwalimu alisukumiza madawati ukutani, akafunga madirisha yote, akaacha mlango wazi. Mlango ndio jua, akasema. Mimi akaniweka katikati niwe dunia. Wewe akakuita uwe mwezi.

Asubuhi njiani ulikuwa umeniambia: "Kavira, leo siwezi simama mbele ya batu. Robe imepasuka nyuma, nimeibana na pini tu. Tukitoka, utembee nyuma yangu." Nikakubali kulificha gauni lako. Nikakushika mkono.

Ulipoitwa uliniangalia mimi. Nilidhani umejua. Kumbe ulikuwa unaomba msaada tu.

Amri ilikuwa moja: mwezi hauigeuzii dunia mgongo hata siku moja. Uzunguke, lakini uso uelekee kwangu. Tukaanza na mwezi mpya. Ukasimama kati yangu na mlango, jua likikupiga mgongoni. Mwalimu akasema, "Munaona? Dunia haioni kitu, lakini kule nyuma ya mwezi kumejaa mwangaza." Na darasa zima, lililokuwa limekaa kwenye madawati kuzunguka kuta, likaona. Pini ilikuwa imetoka. Chini ya gauni ulivaa kaptula ambayo mama yako aliishona kwa gunia la unga, na herufi nyekundu zilikuwa hazijafutika. 25 KG.

Mwalimu naye alicheka. Halafu akasema tuendelee, somo ni somo. Ukazunguka. Nusu mwezi, wakacheka. Mwezi mpevu, wakacheka. Alipotaka kuonyesha kupatwa kwa mwezi, akakupanga nyuma yangu mstari mmoja na mlango, kivuli changu kikakufunika mwili mzima. Humo ndani ulilia. Niligeuza shingo nikakuona, nami nikasimama wima vizuri ili mwalimu asiniambie nimekosea.

Kabla ya wiki mbili kwisha uliacha shule. Hakuna aliyekuita Masika tena, ulikuwa "Vingt-cinq Kilos", kilo ishirini na tano, mpaka sokoni. Wazazi wako walikuchukua wakaenda kulima kakao. Mwaka ule nilikuwa wa kwanza. Baba alinichinjia kuku na nilimla, paja na yote.

Sasa sikiliza. Binti yako, Katungu, alifika hapa baada ya mazishi yako, na mfuko mmoja wa plastiki. Alisimama mlangoni pa darasa langu, watoto wote wanamwangalia, akasema: "Mama alisemaka hivi: siku ile bote balicheka, lakini ule alikuwa dunia hakucheka. Ukifika Butembo na ukose mutu, umutafute Kavira."

Ulikuwa mjinga, Masika. Nakuambia waziwazi kwa kuwa huwezi kunijibu. Umelibeba jina langu miaka yote hiyo kama kitu kizuri, ukampa mtoto. Sikucheka kwa sababu nilikuwa mbele yako. Kutoka mbele hakukuwa na cha kuchekesha, kulikuwa na uso wako tu. Ungenichukia tungekuwa tumemalizana.

Katungu anasoma kwangu. Ana akili yako ile mbaya, ya kuuliza. Kitabu kinasema mwaka una majira manne, naye akainua mkono: "Madame, hiver, ile baridi ya theluji, inafikaka Butembo mwezi gani?" Nilitaka kulia mbele ya watoto. Ni swali lako lilelile, na mwalimu wetu alikufukuza nje kwa sababu yake, nami nikatoka kukufuata. Ilikuwa mwezi wa tisa, saa sita kamili. Ulinionyesha kwamba vivuli vyetu vimeingia chini ya miguu. Ukasema huku kwetu jua linapita juu ya kichwa, baridi ya theluji itatoka wapi, sisi tuna mvua mbili na jua mbili basi. Tukarukaruka tuone kama vivuli vitatoka. Siku ile nilikupenda sana. Sielewi jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na siku ile na ile nyingine.

Mwezi ulipopatwa mara ya mwisho, majirani walitoka uani wakaanza kuomba kwa sauti. Ulikuwa mwekundu kama vumbi la barabara ya Beni. Binti yako akawatuliza wazee wazima: "Ni kivuli ya dunia tu. Itapita." Kisha akanishika mkono, akaniita mama kwa mara ya kwanza. Niliuacha mkono wangu pale.

Jana, akiosha sahani, akaniuliza: "Mama Kavira, ni nani alichagua mama akuwe mwezi?" Nikasema nimesahau.

Sijasahau. Wakati wa mapumziko nilibaki kumsaidia mwalimu kusukuma madawati. Tulikuwa wawili. Akaniuliza nani anafaa. Darasani tulikuwa watoto zaidi ya arobaini. Nilisema, "Masika, Monsieur. Ni yeye anakuwaka wa kwanza kila mara." Baba yangu alikuwa ananiuliza kila nilipoleta matokeo, "Na Masika?" Nilitaka siku moja tu asiulize. Nilijua robe imepasuka. Ndiyo maana nililitaja jina lako.

Nenda salama, rafiki yangu. Mimi sikuombi msamaha, huna mdomo wa kuutoa na mimi sina uso wa kuupokea. Nakuahidi kitu kimoja: leo, kabla hatujala, nitamwambia. Akitaka kuondoka nitamtafutia pa kukaa na nitamlipia shule hukohuko. Akinitangaza mtaani sitakanusha. Nimeiandika hapa kwanza ili mdomo uizoee: Katungu, ni mimi nilimuchagua mama yako.

Nasikia bidon ya maji ikiwekwa chini. Amefika mapema. Amesimama mlangoni, jua lote liko mgongoni mwake, na kutoka hapa nilipokaa siuoni uso wake. Anauliza ninamwandikia nani.