Namshika Baba kwa Nguo

Nyumbani, juu ya karakana ya saa
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wale wajukuu pacha, wameshaanza kutembea? Huku tunapumua, zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini kaka yako hataki kupigwa picha. Nilikuzungusha, unisamehe.

Zile tembe za steroidi alizopewa kwa ajili ya mapafu, huu ni mwaka wa tatu anameza. Kifua kimetulia, hilo sikatai. Lakini uso umemvimba mpaka macho yamekuwa madogo. Tumbo limetoka, miguu imekonda, na ngazi za kushukia karakanani anazipanda kwa kujivuta. Na njaa! Anamaliza sahani, anafuta mdomo, anauliza tunakula saa ngapi.

Mtaalamu wa lishe aliniambia nipunguze chumvi na sukari, niongeze maziwa, mayai na maharage, maana dawa inamla misuli na mifupa. Nikapika hivyo. Baba akaonja, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, mgonjwa ni mimi. Mchuzi umekosa nini?"

Nilicheka mbele yake. Jikoni nililia.

Mwezi uliopita akaziacha zile tembe kimyakimya. Siku ya tatu fundi mwenzake alimkuta sakafuni, jasho la baridi, hata kusema hawezi. Daktari alitufokea: dawa hizi haziachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo, tena yeye akiangalia. Nikamuuliza, sasa tufanyeje? Akasema kila akijaribu kupunguza, mapafu yanachafuka. Kwa hiyo aendelee.

Jumanne nilimshika mkono nimwinue kitini. Kumshika tu, Shangazi, na ngozi ikachanika chini ya vidole vyangu. Hakupiga kelele. Alifunika kwa leso, akasema, "Si wewe, ni dawa." Kidonda bado kibichi.

Tangu hapo namwinua kwa kushika nguo. Jana alininyooshea mkono mwenyewe, nami nikashika shati. Aliona. Akaurudisha mkono mapajani.

Wasalimie binamu zangu, uwabusu pacha. Mungu akutunze, na akupe njia ya kuja umwone.

Wako akupendaye,
Kitindamimba wa kaka yako