Milioni Moja na Moja

Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila shikamoo ungesema nimeota mapembe.

Ni mwezi wa pili sasa tangu tukuzike kando ya migomba yako hapo Keza. Kuku wako wamehamia kwa jirani na hawataki kurudi. Mimi nimerudi Biharamulo kufundisha hesabu darasa la saba, kama wewe. Jumanne somo lilikuwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Nikakukumbuka. Unajua kwa nini.

Siku ile darasani kwako uliandika ubaoni 1,000,001. Ukasema "mirioni moja na moja", tukacheka, ukacheka nasi. "Haya, tuone kama ni tasa. Tutagawanya kwa namba tasa moja moja, hata ikibidi tufike elfu." Tukaanza: mbili, tatu, tano, saba. Chaki ilikuingia mpaka kwenye nywele. Kila tukigawanya, kinabaki kitu. Tulipomaliza tisini na saba nikapaza sauti: "Mwalimu, hiyo ni tasa kama Shangazi!"

Kijiji kizima kilikuita hivyo kwa kunong'ona, kwa sababu hukuzaa. Na mimi, uliyenichukua mama alipofariki nikiwa sijaota hata meno, ndiye niliyekutangaza mbele ya watu. Darasa likaangua kicheko. Hukunichapa. Ulipangusa mikono, ukasema, "Basi, tuseme ni tasa," ukafuta ubao. Jioni ukanipakulia maharage kama kawaida. Afadhali ungenichapa, Shangazi!

Miaka yote hiyo sikukuomba radhi. Hata ulipougua nilikuja na sukari na sabuni, nikakaa kitandani kwako, nikaongea habari za mvua. Mjinga mimi. Nikaaga, nikaondoka na neno langu.

Jumanne niliiandika tena namba ile. Tulifika tisini na saba, bado kinabaki kitu. Halafu nikaandika inayofuata, mia moja na moja. Shangazi, hakikubaki kitu! Mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Nilirudia mara mbili, sikuamini macho yangu. Ilikuwa imebaki hatua moja tu, na mimi ndiye niliyekukatiza.

Wanafunzi wakauliza mwalimu analilia nini. Nikawaambia. Nilikutaja kwa jina, nikasema nilichokufanyia, chote. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukisema, na wewe hupo wa kusikia.

Nisamehe. Kila mwaka nitaiandika namba hiyo ubaoni, na nakuahidi sitaufuta kabla hatujafika mia moja na moja, hata kengele ikilia. Pumzika, Shangazi. Haikuwa tasa.

Mwanao,
Leokadia