Kwa Baba, Kinyozi Aliyenyoa kwa Kitabu cha Wanyama

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotuacha, Baba, na mtaani kuna watoto ambao bado wanakataa kukalia kiti cha kinyozi mwingine. Tunakuambia hilo mapema kwa sababu tunajua ungependa kulisikia kabla hata ya salamu. Mama anasema marehemu haulizwi hali, kwa hiyo sitakuuliza.

Kalamu imeniangukia mimi, binti yako wa kwanza. Mdogo wangu amesema yeye ni fundi bomba na maneno yake huishia kwenye koki. Niliyoyaandika nimemsomea Mama, naye amefuta mawili tu.

Miaka thelathini na moja ulinyoa vichwa katika chumba kile chenye kioo kimoja, viti viwili na feni iliyozunguka ilipopenda yenyewe. Watu wazima walikuja kwa hiari, na wengine hawakuwa hata na nywele za kunyoa, walifuata mazungumzo. Watoto waliletwa kwa kuburutwa. Mtoto akisikia mlio wa mashine alimng'ang'ania mama yake na kupiga yowe, mpaka muuza viatu wa mlango wa pili anakuja kuuliza ni nani anayechinjwa. Wenzako waliwabana watoto vichwa kwa nguvu. Wewe ulikwenda dukani ukanunua kitabu cha picha za wanyama, chenye kurasa ngumu, ukakiweka kwenye mapaja ya mtoto aliyekuwa analia, ukamwambia, "Hebu nisaidie. Huyu ng'ombe anatafuta nini?"

Mtoto akainama kumtazama ng'ombe. Wewe ukanyoa kisogo.

Huo ndio ukawa utaratibu wako, na sijaona kinyozi mwingine aliyeuiga akafaulu. Ng'ombe alikuwa wa kisogo, kwa kuwa majani yako chini na mtoto hana budi kuinama amtafutie. Bundi alikuwa wa masikioni: "Bundi anatazama kushoto, nionyeshe anavyofanya. Haya, sasa kulia." Twiga alikuwa wa paji la uso. Ulimkata kichwa na shingo ukavibandika darini, ili mtoto ainue uso kumtafuta, na kitabuni ukabaki mwili mtupu. Watoto wakikuuliza shingo imekwenda wapi, uliwajibu imekwenda kuangalia kama mvua inakuja. Kobe ulimruka, maana mtoto akimwona kobe naye huingiza shingo mabegani, ukabaki na mashine hewani. Lakini watoto hawasahau ukurasa. "Umeruka kobe!" walikukaripia, nawe ukajibu kwa uso mkavu kwamba kobe yuko njiani, atafika tukimaliza. Na kweli alifika, wakati wa kuwapangusa nywele shingoni.

Mama mmoja alikulalamikia kwamba amemleta mwanawe kunyolewa, si kusomeshwa. "Dada yangu," ulimwambia, "kwani kichwa si hicho hicho kimoja?" Wiki iliyofuata alikuja na mtoto wa pili.

Mama amenikataza kukupamba, kwa hiyo na kosa lako nilitaje. Hukuweza kukataa neno "tena". Mtoto akisema "tena", ulirudi ukurasa wa kwanza, na mkono ukafuata mdomo. Siku moja mwalimu wa hesabu alimleta mwanawe apunguzwe nywele kidogo tu, apate kupigwa picha. Mtoto alisema "tena" mara tatu. Mwalimu alikuwa ametoka kununua gazeti, na aliporudi alikuta kichwa kinang'aa kama sahani.

"Fundi! Si nilisema kidogo?"

"Mwalimu, kidogo ndiko nilikoanzia," ulisema. "Ila mwanao anapenda kitabu. Au hukutaka?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Picha ile ilipigwa hivyo hivyo, na wiki uliyotutoka alituletea tuione. Tulicheka siku ambayo hatukudhani tungeweza.

Sisi wanao nasi tulijifunzia kusoma katika vitabu hivyo, maana kimoja kilipochakaa ulinunua kingine kama hicho, na nywele zetu zimo mle. Tulipovifungua tulikuta katika kila mkunjo nywele fupifupi za watoto wa mtaa mzima, ambao wengine sasa ni baba za watu. Mdogo wangu alichukua kitambaa avipanguse. Mama akamwambia, "Thubutu!" Vimebaki vilivyo.

Sasa nifike nisikotaka kufika.

Mjukuu wako, yule uliyekuwa ukimwita Mteja, mwanangu mimi, alikuwa na miaka minne. Yeye ulimnyolea nyumbani, Jumapili, kwenye kigoda cha jikoni. Jumapili ile mlimaliza ng'ombe, mkafika kwa bundi. Bundi akatazama kushoto, ukanyoa upande wa kulia. Kisha ukaiweka mashine mezani ukasema mkono umekufa ganzi. "Mteja, upande wa pili tutamalizia kesho." Kesho yake ulikuwa hospitali. Keshokutwa hatukuwa na wewe.

Tulimvika mtoto kofia tukampeleka kwa jirani mpaka tulipomaliza kukuzika. Aliporudi akauliza Babu yuko wapi. Nami, mwanao uliyemfundisha kusema kweli hata ikiuma, nikamwambia umesafiri. Nilijiambia ni kwa siku mbili tatu, nipate nguvu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda mwaka mzima.

Ilikwenda kwa sababu mtoto alikubali. Hakulia, hakusumbua. Alikungoja tu. Nilipompeleka kwa kinyozi wa mtaa wa pili alijishika kichwa kwa mikono miwili akapiga kelele, "Hapana! Babu hajamaliza!" Yule bwana ni mpole, akajaribu kumwonyesha katuni kwenye simu. Mteja akamwambia, "Wewe hujui tumefika ukurasa gani." Bwana akazima mashine, akanitazama, akaniambia nirudi naye nyumbani. Kitabu nacho hakukifungua, wala hakuruhusu mtu akifungue. Alichomeka kijiko cha chai penye bundi ili ukurasa usipotee. Nywele zikaota, upande mmoja umeutangulia mwingine, mpaka wenzake wa chekechea wakambandika jina la Kilima.

Mwalimu wake akaniita pembeni. "Mama, huyu mtoto kila gari likisimama nje anakimbilia dirishani. Kuna mtu anamngoja?"

Nikamwambia sijui. Hata yeye nilimdanganya.

Jumapili iliyopita Mama alikuwa anakunja nguo kitandani, Mteja akaingia na kitabu kwapani.

"Bibi, nimekua. Babu akirudi atanijua?"

Mama akaacha nguo. Mimi nilikuwa mlangoni, nikampungia mkono asiseme kitu. Hakunitazama.

"Kaa hapa," akamwambia. "Babu hakusafiri, mjukuu wangu. Babu alikufa. Aliumwa moyo, ukasimama, tukamzika. Harudi. Angekuwa anaweza kurudi, angeshafika zamani, maana alikuwa anakupenda."

"Mama alisema amesafiri."

"Mama yako aliogopa utalia."

Mteja akageuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka mitano. Kisha akalia. Baba, alilia kilio kile kile tulichokulilia sisi mwaka jana, cha kukata pumzi, mpaka fundi bomba wako akatupa spana uani akaja mbio. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Sisi tulilia tukiwa wengi, tukashikana, watu wakatupa pole, polepole tukapoa. Yeye nilimwacha nyuma, akaufikia msiba peke yake, mwaka mzima baadaye. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alilala mapajani mwa Mama, na mimi nikakaa pale pale sakafuni mpaka alipoamka.

Kesho yake alileta kigoda mwenyewe, akakaa, akachomoa kijiko. "Bibi, ninyoe."

Mama ndiye aliyekunyoa wewe miaka yote, kwa kuwa kinyozi hajinyoi. Lakini siku hizi mkono wake unatetemeka, na kusema kweli kazi yake ilionekana kama ya panya aliyepewa gunia la mahindi. Mteja hakujali. Kusoma bado hajui, ila kurasa zote anazo kichwani, akamsimulia Mama moja baada ya nyingine, na kwa ng'ombe akakohoa kama ulivyozoea kukohoa wewe. Alipomaliza alijitazama kwenye kioo, akaniita nije nimpanguse shingo. Nikajua kwamba ameanza kunisamehe.

Nikamwambia tunakuandikia tangazo la kumbukumbu gazetini, baada ya lile la msiba la mwaka jana. Akauliza lile lilisemaje, nikamsomea: mke, watoto, dada yako, majirani na wateja wote. Akangoja nimalize.

"Na mimi?"

Yeye hatukumwandika, Baba. Tuliogopa mtu asije akamsomea. Mwaka huu amedai aandikwe, na amedai awe wa kwanza, nasi hatukubishana naye.

Wanaokukumbuka ni mjukuu wako Mteja, ambaye anajua, mkeo, mimi binti yako wa kwanza, ninayekuomba radhi na wewe pia, mwanao fundi bomba, mkewe na mtoto wao mchanga, dada yako, muuza viatu, mwalimu wa hesabu na mwanawe, na wote uliowahi kuwainamisha vichwa wamtafutie ng'ombe majani.

Daima tutakukumbuka, Baba, na mara hii hatujamficha mtu.